Enkai na Ndugu Zake: Filamu ya Katuni kama Ngano

Kwa muda mrefu wahakiki wetu wameiona filamu ya katuni kuwa mchezo wa watoto. Aliyelelewa Buruburu, Umoja au Dandora anajua vingine. Katuni alizikuta kwenye televisheni ya sebuleni na ubavuni mwa matatu, wakati uleule aliposimuliwa ngano za mazimwi. Dai letu ni kwamba katuni ni ndugu wa ngano, na historia yake nchini Kenya ni sehemu ya historia ya fasihi simulizi.

Chukua mfano wa Ng'endo Mukii. Alisomea Rhode Island School of Design, Marekani, kisha Royal College of Art, London. Huko alitengeneza Yellow Fever (2012), filamu fupi inayochunguza kwa nini mwanamke Mwafrika aichubue ngozi yake kwa mkorogo. Mwaka 2023 ikaja Enkai, mojawapo ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney. Humo binti mungu anatambua gharama ya jitihada za mamake za kuilinda dunia dhidi ya uharibifu wa binadamu.

Katika lugha ya Wamaasai, jina Enkai lina kiambishi cha jinsia ya kike. Wakikuyu walipolichukua likawa Ngai, na alama hiyo ikapotea. Hivyo basi, Mukii hakulazimika kumgeuza mungu huyo; sarufi ilikuwa imemtangulia.

Msomaji atakumbuka Spirited Away (2001) ya Hayao Miyazaki, ambamo mungu wa mto anaoshwa takataka za binadamu. Maudhui yanakaribiana, ila mazingira ya kazi yanatofautiana. Miyazaki aliajiriwa na Toei mwaka 1963, akashiriki kuanzisha Studio Ghibli mwaka 1985, akasimulia kwa Kijapani. Kizazi Moto ina jina la Kiswahili na mazungumzo ya Kiingereza.

Hatumlaumu msanii, kwani mwenye mtaji ndiye achaguaye lugha. Hata hivyo, mtoto wa Kayole anaipokea ngano ya kwao kama mgeni aliyebisha hodi kwa lugha ya shule. Mhakiki wa Kiswahili akiendelea kunyamaza, atakuwa ameikubali hali hiyo. Filamu hizi na zifundishwe pamoja na ngano, tena zihakikiwe kwa Kiswahili.