Zafarani ya Bi Harusi: Kidogo Tu Kinatosha



Leo tuzungumze zafarani. Sisi tuko Mbweni, ile ya Dar es Salaam, siyo ya Unguja. Tunashona nguo za harusi na kuwaandalia mabibi harusi singo na marashi yao. Safari moja tulinunua zafarani kwa bei ya kuumiza, tukailoweka kwenye marashi ya waridi. Kabla hata ya kufunika bakuli, maji yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela na nyuzi zimebaki nyeupe. Tone moja likadondokea kitambaa cha bi harusi, na doa halikutoka tena. Kitambaa kingine tulinunua kwa fedha zetu, kwa sababu amana ni amana. Tangu siku hiyo tukaamua kuijua zafarani tangu asili yake.

Zafarani ni nyuzi za ndani ya ua dogo la rangi ya zambarau. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu. Ua hilo halizai mbegu, hivyo mkulima huchimba vitunguu vyake vya chini ya ardhi, akavigawa na kuvipanda upya. Maua huchumwa alfajiri kabla jua halijawa kali, kisha nyuzi huchomolewa kwa vidole na kukaushwa. Ili kupata gramu moja iliyokauka huhitajika takriban maua 150. Ndiyo maana bei yake ikawa ile.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asili ya mmea huu ni Ugiriki. Huko huko, katika kisiwa cha Santorini, zimefukuliwa nyumba zenye picha za ukutani zilizochorwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Picha hizo zinaonyesha wanawake na wasichana waliopambika wakichuma zafarani. Kwa hiyo mikono ya wanawake imo katika historia hii tangu mwanzo. Leo sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa Khorasan, na nyingine Kashmir na Hispania. Wahispania huiita azafrán, neno walilolipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyolipata letu.

Na pwani yetu je? Zafarani inataka baridi kali na kiangazi kikavu, mambo ambayo Unguja, Pemba na Mrima hatuna. Ukiambiwa imelimwa kwenye shamba la viungo kisiwani, ujue unaonyeshwa kitu kingine. Kwetu zafarani ni ya kuletwa kwa chombo. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za bahari, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Humo zafarani imetajwa kati ya bidhaa zilizoingia Muza, bandari ya Yemen. Kitabu hicho hicho kinasema watu wa Muza ndio waliokuwa wakija Rhapta, mji wa biashara wa pwani hii, wakiijua lugha ya wenyeji na kuoana nao. Bidhaa walizoleta Rhapta zimeorodheshwa: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Zafarani haimo. Lakini njia ya bahari na ya ndoa ilikuwa imeshafunguka.

Baadaye tunaiona ndani ya nyumba zetu. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi aya za Qur'ani zilivyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha mgonjwa akanywa yale maji. Hilo ndilo kombe, na wengi wetu tumelionja utotoni. Zafarani hiyo hiyo imo kwenye halua, kwenye wali wa biriani, kwenye kahawa ya Kiomani pamoja na hiliki, na kwenye singo ya bi harusi.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Madina. Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na athari ya zafarani. Alipoulizwa, alisema ameoa mwanamke wa Kiansari. Mtume akamwombea baraka na kumwagiza afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Kwa kuwa wanaume wamekatazwa kujipaka zafarani, wanazuoni kama Imam an-Nawawi wamefafanua kuwa ilimpata kutoka kwa mkewe. Hebu fikirini, dada zetu: jina la bi harusi yule halikutajwa katika kisa hicho, lakini alama ndogo ya zafarani yake inasimuliwa hadi leo. Haikuwa kopo zima, ilikuwa alama tu.

Hapo ndipo tunapokosea siku hizi. Tunataka bakuli lijae, wali uwe wa manjano sinia zima, picha zipendeze. Kwa fedha tuliyonayo tunapata nyingi ya bandia: nyuzi zilizotiwa rangi, au maua ya usfuri, ambao ni mmea mwingine kabisa. Bora nyuzi kumi za kweli.

Ukinunua, fanya hivi. Weka nyuzi mbili tatu kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli hutoa rangi polepole, maji huwa ya dhahabu, na nyuzi hubaki nyekundu. Ya bandia humwaga rangi mara moja na kupauka. Harufu iwe tamu kama ya asali, lakini ukiionja ulimini iwe na uchungu kidogo. Ikiwa tamu kama sukari, irudishe. Ya unga usinunue kabisa, maana huwezi kujua kilichosagwa humo. Na ukishaipata, iloweke kwenye maziwa au marashi kwa dakika 20 kabla ya kuitumia.

Tahadhari tatu. Mjamzito asitumie kwa wingi, kile kidogo cha kwenye chakula kinatosha. Anayekwenda Umra asivae ihramu nguo iliyoguswa na zafarani. Na aliye katika eda ya kufiwa na mume aiweke kando kwa manukato hadi eda iishe.

Sisi sasa tunanunua gramu moja moja, na tunaijaribu mbele ya mama wa bi harusi kabla hajatoa hata senti. Wateja wengine hucheka, wengine huona tunachelewesha. Lakini doa lile bado tunalikumbuka.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.