Rashasha na Bitana: Nyayo za Duka la Eaton

Ukitaka kufuata nyayo za Eaton mjini Toronto, anzia makutano ya barabara za Yonge na Queen. Ndiko Timothy Eaton, mhamiaji kutoka Ireland, alikoanza biashara mwaka 1869: bei moja kwa wote, hakuna kupatana, hakuna kukopa. Kampuni ilifilisika mwaka 1999, ila jumba la maduka hapo bado lina jina la familia. Mzee mwenyewe yuko makumbusho ya Royal Ontario (ROM), ameketi kitini, shaba tupu. Wafanyakazi ndio waliomtolea sanamu mwaka 1919, duka lilipotimiza miaka 50. Kiatu chake cha kushoto kinang'aa kwa kusuguliwa na watafuta bahati.

Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimetoka kwisha, na mwana wa Timothy, John Craig, aliyekuwa akiliongoza duka, alikuwa amevigharimia kwelikweli. Alitoa dola 100,000 za kuunda kikosi cha rashasha za kubebwa na magari, kikapewa jina la Eaton. Meli yake ya starehe, Florence, aliikabidhi kwa jeshi la wanamaji mwaka 1915, mwaka aliopewa cheo cha Sir. Wafanyakazi zaidi ya 3,000 walijiandikisha jeshini. Wenye wake duka liliendelea kuwalipa mshahara kamili, makapera nusu. Kwenye vita vya mahandaki magari yale hayakuwa na kazi kubwa. Siku yao ilifika Machi 1918, Wajerumani walipovunja safu upande wa Amiens na vikosi vya rashasha vya Kanada vikakimbizwa kuziba mapengo.

Lakini rudi nyuma hadi 1912. Mafundi cherehani wa Eaton, wengi wao Wayahudi, waliamriwa kushona bitana za makoti kwa mashine bila nyongeza ya malipo. Bitana hizo zilikuwa zikimaliziwa kwa mkono na wanawake, ambao sasa wangekosa kazi. Watu wapatao 1,000 waligoma. Kampuni haikulegea, na baada ya miezi kama minne mgomo ukavunjika.

Simwiti John Craig mnafiki. Alipenda kutoa, kudaiwa ndiko alikokuchukia, na mshahara wa askari ulikuwa hisani yake, bitana zilikuwa dai. Tabia hiyo ilirithiwa. Mwaka 1948, chama cha wafanyakazi kilipokuwa kikisaka wanachama dukani, kampuni ilitangaza mpango wa pensheni. Kura ilipigwa mwaka 1951, chama kikashindwa.