Gofu la Msimbati na Mwingereza aliyetaka nchi yake

Boma la Mjerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, limeshavuka miaka 130 na bado limesimama imara. Lilikuwa gofu hadi shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolikarabati na kuligeuza hoteli. Wageni hupiga picha hapo, kisha huonyeshwa kibao cha David Livingstone, aliyeanzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866. Wachache huendelea kusini hadi Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, ambako nyumba nyingine ya enzi za mkoloni inabomoka bila mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyejenga juu ya ufukwe na akaendelea kuishi hapo hata wenzake walipofungasha virago. Alitaka rasi ya Msimbati ijitenge na kuwa nchi huru, na alilipigania jambo hilo waziwazi. Mwandishi Mmarekani John Heminway amemsimulia katika kitabu chake No Man's Land, na tangu hapo anatajwa kama Mzungu wa ajabu wa pwani ya kusini. Mimi naona jambo zito zaidi ya kioja.

Watu wa mdomo wa Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, walishazoea kugawanywa na wageni. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mto. Wareno wakaiteka mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Wamakonde wa ng'ambo zote mbili hawakuulizwa. Leslie-Moore naye hakutumwa na mtu alipojitwika rasi nzima.

Wala Serikali ya Tanzania haikuwa na sababu ya kumbembeleza. Tangu mwaka 1964 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa vitani dhidi ya Wareno, ikitegemea kambi zilizokuwa kwenye ardhi yetu, na Ruvuma ndiyo iliyotenganisha vita na amani. Mgeni anayedai nchi yake karibu na mpaka huo asingevumiliwa popote. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Leslie-Moore akafukuzwa nchini. Nyumba ikaachiwa upepo wa chumvi.

Gofu la namna hii lina mengi ya kueleza. Ukichimba jaa la nyumba kama hiyo unatafuta mifupa ya samaki, makombe, vioo vya chupa, vigae vya sahani za Ulaya vilivyochanganyika na vya chungu kilichofinyangwa kijijini. Unatazama jiko lilikuwa umbali gani na sebule, na mtumishi alipita mlango upi. Waashi na wapishi, ambao masimulizi ya Mzungu wa ajabu huwapita kimya, huonekana humo. Kazi hiyo imeshafanyika Mikindani kwa mambo ya kale zaidi: vigae alivyochunguza mwanaakiolojia Matthew Pawlowicz vilionyesha kwamba kwa karne kadhaa wakazi wake walifungamana zaidi na watu wa bara kuliko na miji mikubwa ya pwani.

Kikwazo kimoja cha kulihifadhi gofu hili ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Milango ya nakshi ina nafuu, maana ukomo wake ni 1940. Jengo la baada ya 1863 husubiri waziri alitangaze. Ukomo huo unaacha nje karibu mawe yote ya ukoloni, yakiwemo yaliyobebwa na babu zetu, na kwa maoni yangu ni kosa.

Siku hizi Msimbati inasikika kwa gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na kwa hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Nyumba haimo katika habari hizo. Waziri anaweza kuitangaza kesho katika Gazeti la Serikali. Hata kabla ya hapo, wanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kuja na tepu, mwiko na chekecheke, wapime kuta zilizosalia na kuandika wanachokumbuka wazee wa Msimbati.