Uzito au Mnato?

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, uzito ulikuwa jambo la mizani: pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani kiasi cha kilo 16. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Magari nayo yakaja, na leo mafundi husema "oili nzito". Twaona kuwa neno hilo lapotosha. Namba 40 iliyoandikwa koponi haitaji kilo, bali mnato, yaani ukinzani wa oili katika kutiririka. Mnato ukipungua mno, vyuma husagana. Ukizidi mno, oili huchelewa kuvifikia. Hivyo neno lisilo sahihi laweza kuua injini. Twapendekeza "daraja la mnato", na dereva alilinganishe na kitabu cha gari lake.