Mkomazi, Moshi na swali la nani alitangulia

Machi 1988 ni tarehe ambayo wanafunzi wangu wa Uraia waliisahau kila mtihani, nami niliirudia kila mwaka hadi nilipostaafu. Kuanzia mwezi huo Mtanzania aliweza, kwa mara ya kwanza, kuishitaki serikali yake mahakamani kwa kuvunja haki iliyoandikwa ndani ya Katiba. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, wafugaji wa mwisho waliokuwa wakiishi ndani ya Pori la Akiba la Mkomazi walitolewa, wao na mifugo yao. Sisi wa Ndungu milima ya Upare iko mgongoni mwetu na Mkomazi iko mbele ya macho. Hatukuhitaji gazeti kutuambia kwamba kuna watu wanahamishwa. Makundi ya ng'ombe yalipita.

Wilaya hii ilikuwa imeshagombana na serikali muda mrefu kabla ya hapo. Miaka ya 1940 wakoloni walileta kodi ya kukadiriwa, kila mtu atozwe kwa kadiri ya mali yake, na wenyeji wakaiita mbiru. Kilichowaudhi watu si fedha peke yake. Kamati ilikaa, ikahesabu migomba yako, mbuzi wako na kahawa yako, ikaandika tarakimu, na wewe ukaletewa jibu tu. Januari 1945 maelfu ya wanaume wakashuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi wakidai kodi iwe sawa kwa wote kama zamani. Paulo Mashambo alikuwa mmoja wa viongozi wao. Wanawake walibeba chakula kutoka milimani, na shauri lilipozidi kurefuka wakaandamana wenyewe kumkabili Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Wakamtaka alimalize jambo hilo, la sivyo awape mimba yeye, kwa kuwa waume zao hawapo nyumbani. Mwishowe kodi ya mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare na mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo, na mimi nilikuwa nikiwasomesha vijana kwa kukitegemea. Nilitaka waone kwamba babu zao walidai kusikilizwa wakati hakuna katiba yoyote iliyowapa haki hiyo.

Uhuru ulipokuja 1961, Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za raia. Uingereza ilipenda makoloni yake yaondoke na sura kama hiyo, na Kenya na Uganda zilipata. Mwalimu Nyerere na wenzake walikataa. Waliona kwamba majaji, wengi wao wakiwa Wazungu wakati huo, wangeitumia kufuta sheria za serikali changa yenye haraka ya kuleta maendeleo. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mfumo wa chama kimoja ulipoingia 1965 suala la haki lilijadiliwa tena na kukataliwa tena. Badala yake tukapewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyopokea malalamiko ya wananchi lakini haikuwa na nguvu ya kumwamuru mtu yeyote. Namheshimu sana Mwalimu, na kwa hili naamini alikosea. Mtu aliyenyang'anywa shamba mwaka 1970 hakusaidiwa na hofu ya majaji wa Kizungu.

Mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984 ndio uliobadilisha mambo. Sheria Na. 15 ya 1984 ikaingiza haki katika Katiba: usawa mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa katika ibara ya 13, na haki ya kumiliki mali katika ibara ya 24, ambayo inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Kisha serikali ikajipa miaka 3 ya kusafisha sheria zake kabla mahakama hazijaruhusiwa kuzigusa. Miaka hiyo ikaisha Machi 1988, na sheria nyingi hazikuwa zimesafishwa.

Sasa Mkomazi. Pori lilitengwa 1951, na serikali ya kikoloni iliruhusu baadhi ya wafugaji wa Kiparakuyo, walio jamii ya Kimaasai, waendelee kuishi humo. Ruhusa hiyo ilipita mikononi mwa maofisa wengi, mifugo ikaongezeka, wafugaji wengine wakaingia, Wapare nao wakiwemo. Serikali ilikuwa na hoja, na ni haki kuisema. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 faru weusi walikuwa wamemalizwa na majangili na tembo walikuwa wachache mno. Faru wa kwanza kurudishwa Mkomazi, mwaka 1997, walitoka Afrika Kusini. Nchi kutaka kulinda wanyama wake ni jambo halali kabisa. Ninachouliza ni namna watu walivyoondolewa, na kama mtu aliyezaliwa ndani ya pori kwa ruhusa ya serikali anaweza kugeuzwa mvamizi kwa amri tu.

Kumsikiliza mtu kabla ya kumwadhibu si jambo geni kwetu. Kwenye mradi wetu wa mpunga hapa Ndungu, uliojengwa kwa msaada wa Japani, maji huenda kwa zamu. Mkulima akituhumiwa kuvunja mlango wa mfereji usiku, kamati haimfungii maji papo hapo. Anaitwa, anasimama tutani mbele ya wenzake, anaeleza, na jirani yake wa chini naye anaeleza. Nimeona mtu aliyeshikwa na jembe mkononi akisikilizwa kwa muda mrefu jua likiwaka, kisha akatozwa faini. Hakuna aliyelalamika kwamba muda umepotea.

Wafugaji wa Mkomazi walichukua miaka 6 kufika mahakamani. Sheria ya wakati huo ilitaka mtu apate kibali cha serikali kabla ya kuishitaki serikali, yaani unaomba ruhusa kwa unayemlalamikia. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 1994 Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake wakafungua kesi Mahakama Kuu, Moshi. Desemba ya mwaka huohuo, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba ardhi inayomilikiwa kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba Bunge haliwezi kuifuta kwa sheria bila fidia. Kwa hukumu hiyo ningesema njia ya watu wa Mkomazi ilikuwa nyeupe.

Haikuwa hivyo. Mahakama Kuu iliona kuwa kuna kasoro katika kuwaondoa, ikawapa fidia ya shilingi 300,000 kila mmoja wa waliokubaliwa, lakini haikuwarudisha porini. Wakakata rufaa. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikaitupa, na katika sababu zake ikasema Wamaasai hawakuwa wa kwanza kufika Mkomazi. Makabila mengine, Wapare wakiwemo, yalitangulia. Kwa hiyo hawakuwa na haki ya kimila ya kudai.

Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, kwa sababu jina letu ndilo lililotumika. Jirani alinyimwa dai lake kwa hoja kwamba sisi tulikuwepo kabla yake, na sisi wenyewe hatukupewa chochote. Mpare aliyerina asali au kuchunga mbuzi upande ule hakufunguliwa lango kwa sababu babu yake alitangulia. Hakuna anayejua ni nani hasa aliyekanyaga bonde hili kwanza, na Akonaay hakuulizwa hivyo kabla ya shamba lake kuitwa mali. Katiba inasema kila mtu, haisemi aliyetangulia. Maswali yaliyostahili kujibiwa kwa kirefu ni ya kawaida: walikuwa na ruhusa? Nani aliifuta, kwa mamlaka gani? Waliitwa wakasikilizwa? Walionyeshwa pa kwenda?

Nilipokuwa nikifundisha hukumu hii niliiweka kando ya nyingine ya mbali. Ireland ina Katiba ya 1937 yenye sura ya haki. Mama mmoja wa Dublin, Gladys Ryan, aliishitaki serikali kwa kutia madini ya floraidi katika maji ya bomba. Alishindwa. Lakini katika shauri hilo Jaji Kenny alisema raia wana haki nyingine ambazo Katiba haikuzitaja kwa majina, mojawapo ikiwa haki ya mwili wa mtu kutoingiliwa, na kwa miaka mingi baadaye watu wengine walishinda kesi zao kwa kuegemea maneno hayo. Kushindwa kwa Mkomazi hakukuacha kitu cha namna hiyo. Kulimwachia mfugaji yeyote wa baadaye mzigo wa kuthibitisha historia ya kabila lake tangu enzi zisizo na maandishi.

Mwaka 2008 Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Tembo wameongezeka, na siku hizi wanavuka mpaka hadi kwenye mashamba ya vijiji vyetu. Mkulima aliyeliwa mahindi anakwenda ofisi ya kijiji, anajaza fomu, anamsubiri ofisa wa wanyamapori aje apime. Anachoweza kulipwa kinaitwa kifuta jasho. Chini ya kanuni za 2011 malipo yaliwekewa kikomo cha ekari 5, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupata kitu. Mashamba hayo ndiyo ya kwanza kufikiwa na tembo, na mengi yalilimwa kabla kanuni hazijaandikwa. Hadi leo sijaona mkulima hata mmoja wa upande wetu aliyeipeleka ibara ya 24 mbele ya jaji kuhusu mita hizo 500, na ningependa sana mmoja wa wanafunzi wangu afanye hivyo.