Silika, Silikati na Mwamba Mgando

Mwalimu wa jiografia akisema darasani kwamba silika ndiyo inayoamua tabia ya magma, huenda nusu ya wanafunzi wakaelewa jambo ambalo hakulikusudia. Silika wanayoijua ni maumbile: kile kiumbe alichozaliwa nacho, kinachomfanya mtoto mchanga anyonye bila kufundishwa. Silika ya wanajiolojia ni muungano wa silikoni na oksijeni, nayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni. Neno la kwanza lilitujia kutoka Kiarabu. La pili lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya jiwe la gumegume. Hayana undugu, yamekutana kwenye tahajia tu.

Istilahi hii ina jamaa wawili wa kutenganishwa nayo. Silikoni ni elementi, kama chuma au dhahabu. Silika ni silikoni iliyoungana na oksijeni peke yake, atomu moja kwa mbili. Silikati ni jina la ukoo mzima wa madini ambayo, pamoja na hizo mbili, kwa kawaida huwa na metali kama magnesi, chuma, kalisi, sodiamu au potasiamu. Ukoo huu ni mkubwa mno: oksijeni ni takriban asilimia 46 ya uzito wa ganda la dunia na silikoni asilimia 28, na zaidi ya asilimia 90 ya ganda hilo ni silikati.

Msingi wa silikati zote hizo ni umbo moja: atomu ya silikoni katikati, atomu nne za oksijeni pembeni, kama piramidi ndogo yenye nyuso nne. Tofauti za madini zinatokana na namna piramidi hizo zinavyoshikana. Katika olivini kila moja imekaa peke yake. Katika pirokseni zimejipanga mnyororo. Katika ulanga zimetandazwa kurasa, na ndiyo maana ulanga uliochimbwa milima ya Uluguru ulibanduka katika tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga. Katika kwazi na felspa zimefungamana pande zote.

Kushikana huku huanza kabla jiwe halijawa jiwe. Ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, vipande vya minyororo hiyo tayari vipo. Silika ikizidi, vipande vinarefuka, vinazongana, na magma inakuwa na mnato mkubwa: inatiririka kwa shida na kuzibia gesi ndani. Silika ikipungua, magma inakuwa nyepesi kutiririka. Zaha (magma iliyotoka nje) ya volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ina silika ya asilimia 40 hivi. Januari 1977 ziwa la zaha lililokuwa ndani ya kreta yake lilikauka kwa muda usiofika saa moja, zaha ikateremka mbavuni mwa mlima kwa kasi ambayo wengi hawakuweza kuikimbia. Mwaka 2002 ilifika katikati ya mji wa Goma. Kwa upande mwingine, huko Olkaria karibu na Ziwa Naivasha, magma yenye silika ya zaidi ya asilimia 70 haikufika mbali. Ilirundikana karibu na matundu yake, na sehemu yake ikawa obsidiani, kioo cheusi ambacho watu wa kale walikichonga kuwa visu.

Obsidiani inatuleta kwenye jambo la pili, kasi ya kupoa. Itale, ile miamba mikubwa inayoupa mji wa Mwanza sura yake, nayo ina silika nyingi. Lakini magma yake ilipoa kilometa kadhaa chini ya ardhi, polepole sana, hivyo kila fuwele ilipata nafasi ya kukua hadi ikaonekana kwa macho. Ya Olkaria ilipoa haraka mno na fuwele hazikupata nafasi hiyo. Tena madini hayagandi kwa pamoja. Katika miaka ya 1920 Norman Bowen, Mkanada aliyefanya kazi Washington, alieleza utaratibu huo: olivini hutangulia kwenye joto kubwa, kwazi huja mwishoni. Fuwele za kwanza zikizama, magma inayobaki huwa na silika nyingi zaidi, na hivyo chungu kimoja huweza kuzaa miamba ya aina kadhaa.

Sasa miamba hii tuiiteje? Vitabu vina majina matatu. "Mwamba wa volkano" linaiacha nje itale ya Mwanza, ambayo haikupita katika tundu la volkano yoyote. "Mwamba moto" linataja asili yake, lakini msomaji huweza kudhani ni jiwe lenye joto, na kiasi cha joto chenyewe hutofautiana mno: zaha ya basalti hufika nyuzi 1,100 au zaidi, ilhali ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Zaha hiyo ni ya kabonati ya sodiamu na kalisi, karibu haina silika kabisa. Hakuna volkano nyingine iliyowahi kuonekana ikitoa zaha ya namna hiyo, na mwanajiolojia J. B. Dawson aliitangaza kwa wanasayansi mwaka 1962.

"Mwamba mgando" ndilo linaloikusanya yote, ya Lengai ikiwamo, kwa sababu kilicho cha pamoja ni kuganda. Jina hilo pia linamwelekeza mwanafunzi kwenye maswali yanayofaa: kimeganda nini, wapi, kwa kasi gani. Ama "silika", haina haja ya kubadilishwa. Inatosha mwandishi aandike "kiasi cha silika" au "asilimia ya silika" pale anapoitaja mara ya kwanza, kwa kuwa maumbile ya mtu hayapimwi kwa asilimia.