Spider-Man wa Kioo Kidogo

Vijana wenzetu, leo tuangalie mchezo mmoja wa zamani. Mwaka 1990 ulitoka The Amazing Spider-Man wa Game Boy, ile mashine ya Nintendo ya kushika mkononi. Uliundwa na Rare, kampuni ya Uingereza. Mji unasogea pembeni kwenye kioo, Spider-Man anapiga ngumi na kurusha utando, anamtafuta Mary Jane aliyetekwa.

Game Boy ilitoka 1989 bila rangi, vivuli 4 tu. Mwaka huohuo Atari walileta Lynx, yenye rangi nzuri. Ila Lynx ilikula betri 6 kwa saa 4 au 5; Game Boy ilitumia 4 na kupita saa 10. Sisi tunaopanga foleni kuchaji simu tunajua kwa nini Game Boy ilishinda! Gunpei Yokoi, aliyeongoza kuitengeneza, aliamini vifaa vya zamani, vya bei rahisi, ukivitumia kwa namna mpya vinatosha.

Spider-Man mwenyewe, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, ni yatima. Kalelewa na baba yake mkubwa Ben na mkewe May. Mashine ya kurushia utando kaiunda mwenyewe.

Wengi wetu tunasema tutajifunza ufundi siku kompyuta mpya zikifika kambini. Tumengoja sana. Wakati huo fundi simu wetu anafufua simu kwa vipuri vya zilizokufa, na wapo wanaomcheka. Sisi tumeamua kukaa naye kila Jumamosi, tujifunze.